Hatari Haijui Mpaka: Juu ya Nini Kasongo na Kabambare Lazima Wapange Pamoja



Leo tuzungumze juu ya kazi moja ambayo kwetu inafanywa kila mwaka, lakini inafanywa kwa saa mbaya. Maji yakiisha kuingia ndani ya nyumba, au watu wakiisha kukimbia na mikeka kichwani, ndipo mtu anatumwa na daftari: andika majina, hesabu nyumba, hesabu mashamba. Karatasi ile tunaiita tathmini. Kusema kweli, ile ni hesabu ya hasara. Tathmini ya hatari yenyewe inafanywa mbele ya mvua, wakati hakuna mtu anayelia, na inafanywa na watu wengi wameketi pamoja. Nataka nieleze inafanywaje, na juu ya nini haiwezi kuandikwa na Kasongo peke yake wala Kabambare peke yake.

TISHIO NA HATARI

Tuanze na maneno, maana maneno yakichanganyika, mpango nao unachanganyika. Mvua kubwa ni tishio. Mto kujaa ni tishio. Kiwavi kwenye mahindi, kipindupindu, watu wenye silaha, yote hayo ni matishio. Lakini mvua ikinyesha porini ambako hakuna mtu, hakuna maafa. Ili hatari iwepo, mambo mawili yanaongezeka: watu au mali ziwe mbele ya lile tishio, na hao watu wawe na udhaifu fulani. Kwa mfano nyumba ya tope imejengwa karibu na maji, ama familia iko na shamba moja tu, na lile shamba liko bondeni.

Kisha kuna kitu kinachopunguza: uwezo. Mtumbwi uko tayari, njia inapitika, mbegu ziko ndani ya stoku, watu wanajua namba ya kupiga. Wataalamu wanaandika hivi: tishio, mara watu walio mbele yake, mara udhaifu wao, gawanya kwa uwezo. Hesabu hii haitoi jibu kamili kama kilo za gunia kwenye mizani. Inatuonyesha mahali tunapoweza kugusa. Mvua hatuwezi kuizuia. Yale mengine matatu tunaweza.

Mfano uko karibu. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, kule Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Siku ile ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua ingekuwa ileile, mlima uleule, lakini siku isiyo ya soko watu wangekuwa wachache pale. Basi kalenda ya masoko nayo ni sehemu ya tathmini. Nani anaijua vizuri? Si muhandisi aliyeko Kinshasa. Ni mama anayeuza samaki na kijana wa pikipiki anayebeba mizigo yake.

MAJI YETU YANATOKA MBALI

Sasa tazama ramani. Mto Luama unatoka kwenye milima ya upande wa Ziwa Tanganyika, unapita Kabambare, kisha unaingia ndani ya Lualaba juu ya Kasongo. Lualaba wenyewe unatoka Katanga, unapita Bukama, Kabalo na Kongolo. Kati ya Kabalo na Kongolo unapokea Lukuga, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kalemie. Mwaka 2024 ziwa lile lilipanda mpaka maji yakaingia mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura. Mwanzo wa mwaka huohuo, watu wa Kinshasa waliuona mto Kongo umepanda karibu na alama ya 1961, mafuriko ambayo wazee wanayataja hadi leo.

Ni kusema nini? Mvua inayonyesha kwenye milima ya Fizi inaweza kuwa shida ya mkulima wa bonde la Luama, na maji yanayopita Kongolo leo yatapita kwetu kisha. Hapa kuna tofauti ambayo mpango lazima uijue. Kijito cha mlimani kinajaa ndani ya saa chache. Kwa kijito kile, simu haitoshi, dawa ni kutojenga pale na kutolala pale wakati wa mvua kubwa. Mto mkubwa kama Lualaba unapanda polepole, kwa siku na kwa majuma. Kwa mto ule tuko na muda, kama mtu wa juu anasema na mtu wa chini anasikia. Kwa hiyo rafiki wa kwanza wa mpango wa Kasongo ni mtu wa Kongolo ambaye anatazama mti uliochorwa sentimita pwani na kupiga simu. Na rafiki wa kwanza wa mpango wa Kabambare ni mtu wa Fizi.

Maji siyo peke yake. Kiwavi jeshi kilichotoka Amerika kilionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Kipepeo chake, upepo ukimsaidia, kinaweza kuruka kilomita 100 usiku mmoja. Kiwavi kikionekana kwenye mahindi ya Kabambare, Kasongo hana haki ya kulala. Kipindupindu nacho kinafuata maji na wasafiri. Na watu wakikimbia mapigano ya upande wa Salamabila, hawasimami kwenye kibao cha sekta. Wanatembea mpaka kwa ndugu. Nyumba iliyokuwa na watu saba inakuwa na watu kumi na tano, chemchemi ileile, choo kilekile, debe lilelile la mchele.

SWALI LILILOTOKA KASONGO

Wengi wetu hatujui kwamba jina la Kasongo linasomwa kwenye vyuo vya afya ya umma vya dunia. Katika miaka ya 1970 na 1980, timu ya Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, ilijaribu hapa namna ya kupanga vituo vya afya vidogo karibu na watu, pamoja na hospitali ya kupokea wagonjwa waliotumwa. Mwaka 1981 timu ile ilichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35.

Watoto waliochanjwa walipona vizuri zaidi mwanzoni. Lakini timu iliona kwamba tofauti kati yao na wengine ilielekea kupungua muda ukipita, ikajiuliza kama mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua anabaki mbele ya njaa na magonjwa mengine. Watafiti walibishana miaka mingi juu ya jambo hilo. Uchunguzi uliofanywa baadaye mahali pengine ulionyesha wazi kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto wengi sana, basi mtu asichukue habari hii kuwa sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Lakini swali lenyewe linabaki swali zuri kwa kila mtu anayepanga juu ya maafa: ukiisha kumtoa mtu katika hatari moja, umemwacha mbele ya hatari gani nyingine?

MAAFA YA PILI YANAKUJA POLEPOLE

Mimi nilisoma agronomia, basi niruhusuni niweke shamba katikati. Mafuriko ni ya siku chache. Vita inaweza kufukuza kijiji kwa juma moja. Lakini muhogo uliokaa ndani ya maji unaoza chini, na mpunga uliowekwa kwa mbegu unaliwa na familia iliyopokea wageni, maana hakuna mtu anayetazama mtoto wa ndugu yake akilala njaa huku mbegu iko juu ya dari. Mwezi wa 9 mvua inarudi, majirani wanapanda, familia ile haina kitu cha kupanda. Njaa yake inakuja miezi mingi kiisha ile siku ya maji, wakati daftari la hasara limefungwa zamani. Maafa ya siku tatu yamekuwa maafa ya mwaka mzima, na hakuna aliyeyaandika.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme grupema moja iko na kaya 100 zinazolima bondeni, kila kaya inapanda mpunga are 25. Jumla ni hektari 25. Ukiweka kilo 50 za mbegu kwa hektari, unahitaji kilo 1,250, ni kusema magunia 13 ya kilo 100. Kama kaya 300 zinazolima juu, mbali na maji, zinaweka kilo 4 na nusu kila moja wakati wa mavuno, stoku inapatikana na inabaki kidogo. Kilo 4 na nusu! Kila msimu ile mbegu inatolewa, inapandwa, inarudishwa mpya, sababu mbegu ya zamani inapoteza nguvu ya kuota. Hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, paa zuri, dawa ya panya na watu watatu wenye kuaminiwa.

Muhogo una shida nyingine. Hektari moja ikipandwa mita moja kwa mita moja inataka vipande 10,000 vya miti, na miti ya muhogo haiwekwi ndani ya gunia mwaka mzima. Stoku yake ni shamba lenyewe, likiwa juu, likiwa safi. Nasema safi, maana ugonjwa wa mozaiki unasafiri kwa nzi weupe na pia ndani ya mti tunaopanda. Wakati wa haraka tunachukua miti popote, tunapakia, tunagawa, na pamoja na msaada tunagawa ugonjwa. Lakini kama Kasongo na Kabambare wamekwisha kupatana mbele kwamba mashamba fulani huku na mashamba fulani kule yametazamwa na mtu wa kilimo na ni mazima, siku ya shida tunajua pa kukata. Maji yanaweza kupiga upande mmoja na kuacha mwingine. Ndiyo faida ya kuwa wawili.

VITI TUKO NAVYO, LAKINI HAVIKUTANI

Mtu atauliza: nani atawaita hao watu wote? Miundo haikosi. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 imefanya sekta na usultani kuwa mamlaka zenye bajeti yake, na msimamizi wa teritware anasaidia kuunganisha kazi. Upande wa afya, Kasongo, Kunda na Samba ni kanda za afya. Kule Kabambare kuna Kabambare, Lusangi na Saramabila. Kila aire de santé iko na CODESA na wajitolea wa mitaa tunaowaita RECO. Kilimo kiko na CARG na wamonita. Kuna Msalaba Mwekundu, parokia, misikiti, mashirika ya kiraia, vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, redio za mitaa.

Shida ni kwamba kila mmoja iko na daftari lake. Infirmie anajua kipindupindu kilianza kisima gani. Monita anajua bonde gani linalimwa. Kapita anajua nyumba ya bibi asiyeweza kutembea. Mwenye mtumbwi anajua mto unakata wapi ukijaa. Hakuna kati yao aliye na picha nzima. Mwaka 2015, kule Sendai, Japani, nchi za dunia zilipatana juu ya mwongozo wa kupunguza maafa hadi 2030, na kazi ya kwanza waliyoandika ni kuelewa hatari. Kwetu, kuelewa hatari ni kuweka madaftari haya juu ya meza moja.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Kumbukumbu. Ketini na wazee, mchore mstari wa miaka. Mto ulijaa lini, ulifika wapi, nani alikimbilia wapi, ugonjwa gani ulifuata, bei ya mchele ilikuwaje. Mzee akisema maji yalifika kwenye mwembe fulani, nendeni mtazame ule mwembe, mweke alama.

2. Ramani ya chini. Mchoreni kijiji ardhini kwa fimbo na mawe, kiisha mhamishe kwenye karatasi na kwenye simu yenye GPS. Akina mama wachore yao peke yao, wanaume yao. Utaona ramani mbili: mama anaweka chemchemi, njia ya shamba na mahali watoto wanacheza, baba anaweka barabara na baki. Zote mbili zinahitajika.

3. Alama. Kwa kila tishio mpe namba 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 5 kwa uzito wa madhara, kisha zidisha. Tuseme mafuriko ya bonde yanapata 4 mara 3, ni 12. Kuwasili kwa familia nyingi zinazokimbia vita, 3 mara 5, ni 15. Kiwavi, 5 mara 2, ni 10. Msigombane sana juu ya namba. Faida iko kwenye ubishi wenyewe: infirmie akitoa 5 na mkulima akitoa 2, waulizeni wote wawili juu ya nini. Pale ndipo habari iliyofichika inatoka.

4. Nani, lini, kwa ishara gani. Hapa mipango mingi inakufa, sababu wanaandika tu "jamii itahamasishwa". Jamii haina namba ya simu. Andikeni mtu, msaidizi wake, na ishara. Maji yakifika alama ya manjano, mwenye redio anatangaza na wanyama wanahamishwa. Yakifika alama nyekundu, baki inasimama, mitumbwi minne inayojulikana inatoka, shule ya juu inafunguliwa, na ufunguo uko kwa mtu fulani. Familia zaidi ya idadi fulani zikifika toka upande wa pili, klorini inapelekwa kwenye kisima siku ileile, bila kungoja mgonjwa wa kwanza.

5. Zoezi. Mara moja kila mwaka, mbele ya mwezi wa 9, fanyeni kama vile maji yamekuja. Pigeni namba zote. Mtaona namba ngapi hazipiti, nani amehama, ufunguo gani umepotea. Mrekebishe.

MAMBO YANAYOHARIBU

La kwanza ni matumaini ya pesa. Ukifika kijijini na karatasi, watu wanafikiri ni orodha ya msaada. Kaya 80 zinakuwa 200, na mtu asiye na shamba bondeni anapata shamba bondeni. Siwalaumu, kwa miaka mingi karatasi imekuwa njia ya kupata bashe au sabuni. Ndiyo sababu kazi hii ifanywe wakati hakuna ugawaji wowote, na ielezwe mbele ya baraza zima: leo hakuna majina ya kupokea, kuna majina ya kufanya kazi.

La pili ni usalama. Katika eneo lenye vikundi vya silaha, ramani inaweza kuua. Usiandike kwenye karatasi ya kubandika ukutani kwamba stoku ya mbegu iko nyumba fulani, au familia za kimbari fulani zinalala mahali fulani. Yale mambo yanabaki kwa watu wachache waliochaguliwa na wote. Na ukiwaacha Batwa, wafugaji, ama wachimbaji wa dhahabu nje ya baraza, usishangae siku ya hatari wao wakiwa na habari ambayo wewe huna.

La tatu ni ukubwa. Kila mmoja anataka mkutano uwe chini ya paa lake. Dawa ni kuzunguka: mwaka huu upande wa Kasongo, mwaka ujao upande wa Kabambare, na karatasi moja yenye sahihi za pande zote mbili.

SISI WASOMI TUINGIE WAPI?

Tuko wengi wenye lisansi tunaongoja kazi. Sisemi kazi hii italeta mshahara. Nasema ni kazi ambayo mikono yetu inaiweza leo. Aliyesoma agronomia ahesabu mbegu na kutazama miti ya muhogo. Aliyesoma afya aketi na CODESA. Aliyesoma sheria awaonyeshe viongozi wa sekta ni wapi sheria inawapa nafasi ya kuweka mstari wa dharura ndani ya bajeti, hata kama ni mdogo. Aliyesoma ualimu afundishe watoto wa shule kusoma mti wenye sentimita. Aliyesoma enformatiki aweke zile namba za simu mahali hazipotei. Na wanafunzi wanaotafuta somo la TFC au la memwari: chukueni kijito kimoja, soko moja, grupema moja, mkapime. Kazi ile ikimalizika isilale ndani ya maktaba. Nakala moja irudi kwa kapita, kwa Kiswahili.

Wakubwa zetu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kiangazi kinaanza mwezi wa 6. Wakati ule njia ya kati ya Kasongo na Kabambare inapitika kidogo, mavuno yako nyumbani, na wazee wako na muda wa kuketi. Tukianza na grupema moja huku na moja kule, zinazopakana na maji yaleyale, tutakuwa na karatasi ya kwanza mbele ya mvua ya mwezi wa 9.